Simu Zinakwaruza? Msinunue Kasi

Kila ofisi inayofunga simu za mtandao, Madungu na Chake Chake yote, huishia kuniuliza swali lile lile: "Sauti inakatika, tuongeze megabiti ngapi?"

Hata moja. Simu moja yenye kodeki ya G.711, ya ubora wa simu ya mezani, inakula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Simu kumi kwa pamoja hazifiki megabiti moja. Laini yenu inazitosha na kubaki.

Sauti inataka kufika kwa wakati. Kwa kawaida simu hutoa pakiti kila milisekunde 20, na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linashauri safari nzima ya upande mmoja isizidi milisekunde 150. Sasa karani apakie mikataba aliyoiskani. Kilobaiti 256 zikijaa kwenye foleni ya ruta, laini ya kupakia ya megabiti 2 huchukua sekunde nzima kuzimaliza. Pakiti ya sauti iko nyuma yake, kama gari la wagonjwa nyuma ya malori ya karafuu.

"Basi tununue 20!" Mtapata nafuu ya siku chache. Itifaki ya TCP, inayobeba mafaili mengi, imeundwa kuongeza mwendo mpaka foleni ifurike na pakiti zipotee. Hapo ndipo hupunguza, kisha huanza upya. Breki hizo zenyewe zilikuja baada ya msiba: Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho jirani yake, umbali usiofika mita 400, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Van Jacobson alichapisha dawa mwaka 1988, na dawa ilikuwa kuwafundisha watumaji adabu. Upana mnaoununua leo, mafaili yataujaza kesho.

Haya, fanyeni hivi. Nunueni swichi inayokubali kupangwa, simu ziwe na VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi ile ile. Simu nyingi za mezani zina tundu la kompyuta, waya mmoja unatosha. Msiishie hapo: VLAN hutenga tu, haimpi mtu kipaumbele. Pakiti za sauti zipewe alama ya DSCP 46, na ruta iambiwe kuzitanguliza. Kasi ya kupakia iwekeni chini kidogo ya ile ya laini, foleni ibaki kwenye ruta yenu mnayoitawala. Simu za mezani zisikae kwenye waifai. Swichi iwe ile inayolisha simu umeme kupitia waya wa mtandao, nayo pamoja na ruta zipate betri, umeme ukikatika simu zisizimike. Na kama intaneti yenu ni ya setilaiti iliyo kilomita 35,786 angani, kupanda na kushuka tu ni takriban robo sekunde. Hakuna swichi itakayolitibu hilo.

Mkimaliza, pakieni faili kubwa huku mmoja wenu anapiga simu Wete. Ikikwaruza, mwiteni tena fundi aliyepanga ruta. Muuzaji wa vifurushi mwacheni alale.