Sukari Iliyomo Ndani ya Maziwa

Wako watu wazima ambao wakinywa maziwa yasiyoganda, tumbo hujaa hewa na kunguruma. Lakini wakinywa maziwa lala hawaoni taabu. Sababu ipo.

Katika lita moja ya maziwa ya ng'ombe mna karibu gramu 50 za sukari iitwayo laktosi. Tumbo la mtoto mchanga lina kimeng'enya cha kuivunja, lakini watu wazima wengi hupungukiwa nacho. Sukari isiyovunjwa huteremka mpaka utumbo mpana, na bakteria walioko huko huichachusha, hewa ikatokea.

Kibuyu huianza kazi hiyo mapema. Wapokot, walio kaskazini ya Kitale, hugandisha maziwa kibuyuni na kuyatia jivu la mti uitwao cromwo. Bakteria hugeuza sehemu ya laktosi kuwa asidi, nayo ndiyo huyagandisha maziwa na kuyatia ukali. Basi mnywaji hupata laktosi kidogo zaidi.

Hata hivyo, ukali hauui vijidudu vyote vya maradhi, kama vile vya brusela. Yafaa maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yatiwe kibuyuni. Na aliyeacha maziwa kwa ajili ya tumbo, ajaribu maziwa lala, akianza na kikombe kidogo.