UFAFANUZI KUHUSU UPELEKAJI WA KUMBUKUMBU ZA MADEREVA BAINA YA POLISI NA OFISI ZA LESENI

Watumishi wa Serikali na wananchi wanafafanuliwa hapa namna kumbukumbu za makosa ya madereva zinavyotoka kwa polisi na mahakama hadi kufika katika ofisi zitoazo leseni. Mfano uliochukuliwa ni wa Marekani, ambako leseni hutolewa na kila jimbo na si Serikali Kuu.

Zamani dereva aliyenyang'anywa leseni katika jimbo moja aliweza kuvuka mpaka na kuomba nyingine. Kwa sababu hiyo, mwaka 1960 ilipitishwa sheria ya kuanzisha Daftari la Taifa la Madereva. Ieleweke kwamba daftari hilo kwa sasa halihifadhi maelezo ya makosa yenyewe. Humo mna jina la dereva, tarehe yake ya kuzaliwa na jimbo lililomchukulia hatua. Anayeuliza huelekezwa huko, ambako ndiko jalada liliko. Aidha, sheria ya mwaka 1986 ilimkataza dereva wa lori au basi kuwa na leseni zaidi ya moja.

Kupeleka taarifa hakutoshi iwapo kila jimbo linaliita kosa kwa jina lake. Chama cha wasimamizi wa magari, kilichoasisiwa mwaka 1933, kimeweka orodha ya alama za herufi moja na tarakimu mbili. A20 ni kuendesha gari kwa ulevi wa pombe au dawa. A12 ni kukataa kupimwa pombe. Karani apokeaye hana haja ya kufasiri sheria ya wenzake. Majina nayo hayaaminiwi peke yake, jambo ambalo mahali penye akina Ali Juma na Juma Ali wengi halihitaji maelezo.

Hata hivyo, alama hazijisomi. Tarehe 21 Juni, 2019, huko Randolph, New Hampshire, gari lenye tela liligongana na kundi la waendesha pikipiki, na watu 7 wakafariki. Dereva alikuwa na leseni ya Massachusetts. Mwezi mmoja kabla alikuwa amekamatwa Connecticut kwa tuhuma za ulevi, na jimbo hilo lilikwisha kupeleka taarifa kwa mtambo. Taarifa ilifika, lakini haikushughulikiwa, na leseni ikabaki halali. Uchunguzi uliofuata ulikuta masanduku ya taarifa za karatasi kutoka majimbo mengine, ambazo hazikuwa zimeingizwa katika kumbukumbu.

Mkuu wa ofisi ya leseni alijiuzulu mwezi huohuo. Mwaka 2022 baraza la wazee wa mahakama lilimwona dereva hana hatia kuhusu vifo hivyo. Lakini taarifa zilizokuwa zimelala zilipofunguliwa, madereva zaidi ya 1,000 walisimamishiwa leseni zao.