Kabla ya Sapu, Mweleze Mtu Asiyejua

Mwaka jana nilipata sapu ya takwimu za elimu. Sisemi kwa kujisifu wala sitafuti huruma. Wenzangu wa Elimu mnaijua kozi ile. Kwangu kufeli tena kulikuwa na maana ya kuibeba kozi hadi mwaka wa mwisho, na nyumbani hakukuwa na mtu mwenye hela ya kunilipia muhula wa ziada. Likizo ilipoanza nikafunga madesa yangu nikaenda kwa bibi yangu, Makoko, pale Musoma, nikijiambia kwamba penye ziwa na utulivu nitasoma.

Nilisoma kweli. Tatizo ni kwamba nilikuwa nakariri. Kanuni ya kile kipimo cha mtawanyiko, chenye kipeuo cha pili juu na kugawanya chini, ningeweza kuiandika hata nikiwa usingizini. Ukinipa swali lililogeuzwa kidogo tu, kichwa kinakuwa cheupe. Nadhani wengi mnaijua hali hiyo: jana usiku ulikuwa unajua kila kitu, leo kwenye chumba cha mtihani hujui hata pa kuanzia.

Zilikuwa siku za mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa huwa hawaingii ziwani siku hizo, maana dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwaka taa haina nguvu. Kwa hiyo mwaloni kulikuwa kimya na Bibi alikuwa na nafasi. Akaniangalia weee, mwisho akauliza:

"Unahangaika na nini, mwalimu?" Huniita hivyo tangu nilipochaguliwa kusoma ualimu, nusu heshima nusu utani.

"Hesabu, Bibi."

"Hesabu gani isiyoisha? Hebu nieleze."

Nikamwambia ni kipimo kinachoonyesha namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani. Akasema hajaelewa. Nikarudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, kama walimu wabaya wanavyofanya. Akasema tena hajaelewa. Hapo ndipo nikagundua kwamba hata mimi sijaelewa, nina sentensi tu niliyoitafsiri kutoka kwenye desa la Kiingereza.

Nikatafuta njia nyingine. Chukua mitumbwi miwili, Bibi. Wa kwanza kwa siku tatu umeleta ndoo 9, 10 na 11. Wa pili umeleta 2, 10 na 18. Wastani wa yote miwili ni ndoo 10. Je, ni sawa? Bibi akacheka. "Sawa wapi! Huyo wa pili ndiye anayekuja kukopa unga." Basi, nikasema, hicho ndicho tunachopima. Kila siku tunaangalia imeachana na wastani kwa kiasi gani. Mtumbwi wa pili: kasoro 8, sifuri, zidi 8.

"Enhe, halafu?"

Halafu tunajumlisha. Nikajumlisha kwa mdomo: kasoro 8 na zidi 8... sifuri. Nikanyamaza. Bibi akauliza, "Kwa hiyo hakuna tofauti?" Na mimi, niliyekuwa nimeandika kanuni ile labda mara mia, kwa mara ya kwanza nikaona kwa nini zile tofauti huwekwa kwenye kipeo cha pili: bila hivyo kasoro na zidi zinakulana zinaisha. Kasoro 8 mara kasoro 8 ni 64, na 8 mara 8 ni 64, jumla 128. Mtumbwi wa kwanza unapata 2 tu. Na kile kipeuo cha mwisho kipo ili turudi kwenye ndoo, kwa sababu hakuna anayeuza dagaa kwa ndoo za mraba.

Bibi hakunifundisha chochote. Alisema "enhe" na "halafu". Ndicho kitu kilichonifanya nianze kufuatilia jambo hili.

Kumbe wenzetu wa kompyuta wanalijua zamani. Mwaka 1999 Andrew Hunt na David Thomas walitoa kitabu kuhusu uandishi wa programu, ndani yake wakaeleza mbinu ya kumweleza bata wa plastiki programu yako mstari kwa mstari mpaka kosa lijitokeze lenyewe. Bata hajui kitu, na haimzuii kusaidia. Kwa upande wetu wa elimu, Michelene Chi na wenzake walichapisha utafiti mwaka 1994: wanafunzi walisoma maandishi kuhusu mzunguko wa damu, kundi moja likitakiwa kujieleza kila sentensi, jingine likisoma maandishi yale mara mbili. Waliojieleza walielewa zaidi. Naye Vygotsky, ambaye sisi humtaja kwenye kila asaimenti kama chumvi, alisema kwamba yale maongezi ya mtoto mdogo akiwa peke yake hayapotei. Yanaingia ndani na kuwa fikra. Kitabu chake kilitoka mwaka 1934, mwaka aliofariki. Nilipomtajia Bibi mwaka huo nikakumbuka kwamba ndipo Nyerere alipoanza shule pale Mwisenge, Musoma. Haihusiani, lakini tangu hapo 1934 haijanitoka.

Ninavyoelewa mimi, kazi inafanyika hivi. Kichwani mambo yanakaa kama furushi, na furushi linaonekana zima hata kama katikati lina tundu. Mdomo hauwezi kutoa furushi. Unatoa neno moja, kisha linalofuata, na kila neno linavuta jingine lililokuwa limejificha. Ndiyo maana kitu ulichodhani umesahau kinakuja ukiwa unaongea. Ukifika kwenye tundu, sauti inakatika na unajisikia mwenyewe ukikatika.

Sasa msikilizaji ni wa nini? Mbona nisiongee na ukuta? Unaweza, ila ukuta unakuruhusu kuruka. Mtu asiyejua hakuruhusu. Huwezi kumwambia "si unajua ile nanii". Na hapa ndipo diskasheni zetu za kwenye vimbweta zinapopwaya. Tunakaa sita, mmoja kipanga. Ukianza kueleza ukakwama sekunde mbili tu, kipanga anamalizia, wote tunatikisa vichwa, tunafunga madaftari tukiamini tumeelewa. Sekunde zile mbili ndizo zilizokuwa dawa.

Bibi hana haraka hiyo, na nadhani najua ameitoa wapi. Makoko kuna shule ya lugha iliyoanzishwa na wamisionari wa Maryknoll, na kwa miaka mingi wageni wamekuja pale kujifunza Kiswahili. Bibi amesalimiwa njiani na wengi wao wakiwa bado wanatafuta neno. Anasema ukimmalizia mgeni sentensi yake, kesho anarudi na sentensi ileile. Kwa hiyo anasubiri.

Ila nisiwadanganye, kuongea hakuleti usichowahi kusoma. Nilipofika kwenye kugawanya nilimwambia Bibi kwamba siku ni tatu, lakini kwa kuwa hii ni sampuli tunagawanya kwa 2. "Hiyo moja imeenda wapi?" Sikuwa na jibu. Nilizunguka, nikasema ndivyo kanuni inavyotaka, akanitazama tu. Ikabidi nirudi kitabuni usiku ule.

Asubuhi, baada ya shikamoo, nikamwambia: Bibi, tukishajua wastani ni ndoo 10, na Jumatatu ni 2, Jumanne ni 10, Jumatano itakuwa ngapi? Akahesabu kwa vidole, kimya. "Kumi na nane." Je, inaweza kuwa nyingine? "Haiwezi." Basi ndiyo hiyo tuliyoitoa. Zilizo huru ni mbili tu.

"Kumbe ilishajijibu," akasema, akaenda kuwasha jiko.

Kwenye sapu lilikuja swali la kueleza kwa nini tunagawanya kwa idadi kasoro moja. Niliandika huku midomo ikicheza, ndoo 2, ndoo 10, enhe, halafu. Msimamizi akaja kusimama nyuma yangu muda mrefu, akidhani namnong'oneza jirani.