Kuvu ya Ukambani ilivyofika Arizona na kurudi

Kithimani, kwenye barabara ya Thika kwenda Garissa, ina wakulima wa namna mbili: wenye maji ya mfereji wa Yatta, wanaovuna mishiri na mboga, na wanaongoja mvua. Makala haya ni ya hao wa pili. Kuvu yenye sumu hupenda mahindi yaliyoteswa na ukame, kisha yakawekwa ghalani kabla hayajakauka sawasawa.

Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui, wengine wa Machakos na Thika. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakajaa maji, ini likakataa kazi. Wazee walikumbuka 1981, ilipoua watu 12 katika wilaya ya Machakos ya wakati huo.

Sampuli za mahindi zilisafirishwa hadi Marekani. Mwaka 2007 Claudia Probst, Peter Cotty na mwenzao walichapisha jibu: mkosaji ni aina kali ya kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Ila si kila kuvu ya jamii hiyo hutoa sumu, na huko Arizona Cotty alikuwa amekwisha kuitumia ile isiyo na sumu kuisukuma nje yenye sumu kwenye mashamba ya pamba. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, Idara ya Kilimo ya Marekani na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, zikachagua aina nne zisizo na sumu kutoka humu humu Kenya. Hivyo ndivyo ilivyopatikana Aflasafe KE01, inayotengenezwa Katumani, kituo kilekile cha utafiti kilichotupa mahindi yanayowahi kukomaa. Mkulima hununua mtama uliochomwa usiote, ukapakwa kuvu hiyo. Humwaga kwa mkono kilo 4 kwa ekari, wiki mbili tatu kabla mahindi hayajachanua.

Kilichotoka kilirudi, basi. Lakini kilirudi kwa hisani ya watafiti na fedha za wafadhili, na hisani haidaiwi mahakamani. Bakteria wa Ziwa Bogoria waliochukuliwa mwaka 1992 wana hadithi nyingine: shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, lililalamika kwamba vimeng'enya vyao vilikuwa biashara ng'ambo, huku Kenya ikiambulia patupu.

Ndiyo maana nchi za Afrika zilikaza shingo Geneva zamu ya vimelea vya maradhi ilipofika. Mkataba wa majanga ya maradhi uliopitishwa na Shirika la Afya Duniani Mei 2025 unataka kampuni zitakazojiunga na mfumo wa kubadilishana vimelea zitenge asilimia 20 ya chanjo, dawa na vipimo vyake janga likizuka, angalau nusu yake bure. Kanuni zenyewe ziliachwa kwenye kiambatisho cha kujadiliwa baadaye, na hapo ndipo penye ugomvi: nani atie sahihi nini kabla kirusi hakijavuka mpaka? Kwangu mimi, sahihi itangulie. Afrika Kusini na Botswana zilitangaza Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona, Novemba 2021 bila kuficha. Zawadi yao ikawa kufungiwa safari za ndege.

Hata hivyo, sahihi haifikishi kitu shambani. Sumu haionekani kwa macho, na dalali wa mahindi halipi zaidi kwa gunia lililo salama. Mkulima wa Kithimani akipiga hesabu ya mbegu, mbolea na karo, mtama ule ndio wa kwanza kukatwa.