Mlio wa mashine ndogo usiku: Jinsi ya kunyamazisha mota za hatua

KATIKA eneo la Visiga, kando ya Barabara ya Morogoro kati ya Maili Moja na Mlandizi, mngurumo wa malori ni jambo lililozoeleka. Ipo hata hivyo kelele nyingine isiyotoka barabarani. Nyumba nyingi za kando ya barabara kuu huwa na fremu za biashara mbele na vyumba vya kulala nyuma. Fundi anayewasha mashine ya kukata stika, ya kudarizi kwa kompyuta au printa ya 3D saa nne usiku hutenganishwa na mtoto aliyelala kwa ukuta mmoja tu.

Mlio wa mashine hizo, unaopanda na kushuka kana kwamba zinaimba, mara nyingi hutoka kwenye mota inayozunguka kwa hatua, ambayo mafundi huiita stepa. Mota ya feni huzunguka mfululizo ipatapo umeme. Stepa huruka hatua moja, husimama, kisha huruka nyingine. Aina iliyoenea zaidi hupiga hatua 200 ili kukamilisha mzunguko mmoja, yaani nyuzi 1.8 kwa kila hatua. Faida yake ni kwamba mashine ikihesabu hatua hujua kisu au sindano iko wapi bila kifaa kingine cha kupimia. Mota ndogo za namna hiyo ndizo zinazosukuma karatasi katika mashine nyingi za risiti za kielektroniki, EFD, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010.

Sifa hiyo hiyo ndiyo chanzo cha karaha. Kila hatua inapopigwa, sehemu ya ndani ya mota huvutwa kwa nguvu na sumaku-umeme, hupitiliza kidogo mahali pake, hurudi nyuma, kisha hutetemeka kabla ya kutulia. Mota ikizunguka mara moja kwa sekunde, misukosuko hiyo huwa 200 kwa sekunde, na sikio huisikia kama mvumo mzito. Mwendo ukiongezwa mara mbili, mlio nao hupanda.

Kuna mwendo fulani, aghalabu wa polepole, ambao misukosuko hiyo huafikiana na mtetemo wa asili wa mota yenyewe. Hapo huwa kama mtu anayesukuma pembea kila inapomrudia: msukumo mdogo huzaa mtikisiko mkubwa. Kelele huvimba ghafla, na mota huweza hata kupoteza hatua na kuharibu kazi.

Chanzo cha pili ni draiva, yaani saketi inayoigawia mota umeme. Draiva hupima mkondo kwa kuuwasha na kuukatiza maelfu ya mara kwa sekunde. Kasi hiyo ikiwa chini ya mara 20,000 kwa sekunde, sikio la binadamu huweza kuisikia kama mluzi mwembamba, hata mota ikiwa imesimama. Chanzo cha tatu ni meza. Mota yenyewe ni ndogo, lakini ikifungwa kwenye bati au mbao nyepesi, vitu hivyo hugeuka ngozi ya ngoma na kuukuza mtetemo.

Wengi hukimbilia kuifunika mashine kwa sanduku. Hatua hiyo ingefaa kuwa ya mwisho. Stepa huwa za moto hata zinapofanya kazi vizuri, na katika joto la Pwani sanduku lisilo na pa kutolea hewa huweza kuzidhuru mota na draiva kwa pamoja.

Tiba yenye nguvu zaidi iko kwenye draiva. Badala ya kuwasha na kuzima sumaku kwa mkupuo, draiva huweza kupunguza umeme katika koili moja huku ikiuongeza taratibu katika nyingine, ili hatua moja igawanywe kuwa hatua ndogondogo. Zikigawanywa kwa 16, mzunguko mmoja huwa na hatua 3,200, na miruko inakuwa midogo sana. Draiva ya A4988, iliyotumika mno katika printa za 3D za bei nafuu, hufikia kiwango hicho. TMC2209, iliyobuniwa na kampuni ya Trinamic ya Hamburg, Ujerumani, huenda mbali zaidi: hujaza yenyewe nafasi zilizobaki hadi migawanyo 256, na ina namna maalumu ya kutoa umeme ambayo huifanya mota isisikike kwa urahisi inapokwenda polepole.

Mota hubaki ile ile na waya zile zile. Hata hivyo, utulivu huo una gharama yake: katika mwendo wa kasi, namna hiyo ya ukimya hupunguza nguvu ya mota. Kwa mashine inayokata vitu vigumu, ni busara kuipanga draiva ibadilike na kutumia namna ya nguvu mwendo unapozidi. Aidha, kabla ya kununua, fundi aangalie kama draiva za zamani zimechomekwa tu. Zilizochomelewa kwa risasi kwenye bodi kwa kawaida hulazimu bodi nzima kubadilishwa.

Hesabu nayo ina neno. Printa ya kawaida ya 3D huwa na mota nne au zaidi. Iwapo zote nne zinatoa kelele sawa na fundi akanyamazisha moja tu, kelele hupungua kwa desibeli 1 na kidogo, tofauti ambayo sikio hulihisi kwa shida. Fundi hupata nafuu ya kweli akizitibu zote zinazolia sana.

Tiba ya pili ni kupunguza mkondo. Draiva nyingi zina skrubu ndogo ya kazi hiyo, na nyingine hupangwa kwa programu. Mkondo uliozidi haja huongeza kelele na joto, lakini ukipunguzwa mno mota hukosa hatua. Inafaa kushuka kidogo kidogo huku kazi ikijaribiwa. Tiba ya tatu ni kuubadilisha kidogo mwendo ambao kelele huvimba.

Tiba ya nne haihitaji elektroniki. Kuiweka mashine juu ya tofali pana la zege, na chini ya tofali vipande vya godoro la sponji au mpira laini, huzuia mtetemo kufika mezani na ukutani. Uzito wa zege hukataa kutikiswa, na sponji hukata njia.

Jambo moja la hadhari: waya wa mota usichomolewe wakati draiva ina umeme, kwani draiva huweza kuungua papo hapo.

Suala hili si la starehe pekee. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala usiku isizidi desibeli 30. Nchini Tanzania, kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilitungwa mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Kwa fundi asiyejua pa kuanzia, kipimo ni rahisi. Aiwashe mashine bila kuiamuru isogee. Akisikia mluzi, ni draiva. Akisikia upepo, ni feni. Kisha aiendeshe na kuinyanyua kidogo kutoka mezani: mvumo ukififia, mkosaji ni meza, na tiba yake ni tofali na sponji kabla ya kitu chochote cha kununua.