Mfanyabiashara wa Taveta na Serikali Zake Tatu

Jumatano na Jumamosi ndizo siku za soko Taveta. Mikungu ya ndizi hushushwa kutoka mashamba ya mifereji ya Kitobo na Njoro, huku vitunguu, maharagwe na mahindi yakiingia kutoka Tanzania kupitia Holili. Malori ya Mombasa na Nairobi hungoja mzigo. Kabla ndizi haijafika kwa mlaji, imeshakatiwa risiti mara kadhaa, na mjadala wa biashara katika mji huu huanzia kwenye risiti hizo: nani ana haki ya kutoza, kiasi gani, na pesa hurudi lini kama choo, taa au paa la soko.

Kaunti ya Taita Taveta inaonekana kubwa kwenye ramani, lakini takriban asilimia 62 ya ardhi yake imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Mapato ya malango ya mbuga hizo yamekuwa yakikusanywa kitaifa na Shirika la Wanyamapori, KWS, na wenyeji wamedai mgao wao kwa miaka mingi. Kaunti inapotafuta mapato yake yenyewe, hugeukia kodi ya ardhi, leseni za biashara, maegesho, ushuru wa soko na ule wa mazao, maarufu kama sesi. Magavana wote watatu, John Mruttu aliyeingia 2013, Granton Samboja 2017 na Andrew Mwadime 2022, wamerithi hesabu hiyo hiyo. Mwenye duka na mama mboga ndio walio karibu na mkono wa mtoza ushuru.

Wafanyabiashara wana tabia ya kuamka wakati Mswada wa Fedha unapotangazwa na ada za leseni zimepanda. Kwa kweli huwa wamechelewa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mswada huo unaweza kupitishwa hadi siku 90 baada ya bunge la kaunti kuidhinisha matumizi. Maana yake ni kwamba bajeti imeshaihesabu pesa ambayo mfanyabiashara anakuja kuipinga. Mazungumzo yenye uzito hufanyika mapema zaidi, wakati wa waraka wa mikakati ya fedha, ambao sharti ufikishwe bungeni kufikia Februari 28. Waraka huo una jina la kuchosha, na pengine ndiyo sababu kumbi za kuujadili hazijai.

Kuna mlango mwingine usiojulikana sana sokoni. Kifungu cha 137 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinaitaka kila kaunti iwe na Jukwaa la Bajeti na Uchumi. Gavana ndiye mwenyekiti, na mawaziri wake hukaa na idadi sawa ya wajumbe wasio watumishi wa kaunti, waliopendekezwa na vyama vya wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini. Neno la kushika hapo ni vyama. Wachuuzi wa ndizi wasio na chama kilichosajiliwa hawapendekezi mtu, na kiti cha biashara kinaweza kumwendea mkandarasi ambaye hajawahi kulipa sesi ya mkungu hata mmoja. Chama cha Wafanyabiashara na Wenye Viwanda, KNCCI, kilichoundwa 1965, kina matawi katika kaunti, lakini tawi hupata nguvu kwa wanachama wanaolipa ada na kuhudhuria.

Kuhudhuria nako kuna gharama. Makao makuu ya kaunti yako Mwatate, karibu kilomita 90 kutoka Taveta, na bunge la kaunti liko Wundanyi, juu milimani. Barabara ya lami imeifupisha safari hiyo, ila anayekwenda kutoa maoni siku ya Jumatano amepoteza soko.

Wanaodhani ushirikishaji wa umma ni mchezo wa kuigiza wana mfano wa kuwapa moyo kutoka Kiambu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu, chini ya Jaji George Odunga, iliibatilisha Sheria ya Fedha ya kaunti hiyo kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Kesi ilifunguliwa na wananchi. Katiba nayo, katika Ibara ya 209, inakataza kaunti kutoza kwa namna inayozuia bidhaa kuvuka kutoka kaunti moja hadi nyingine. Hoja hiyo inamfaa mwenye lori la ndizi anayepita Kwale na Kilifi kabla ya kuingia Mombasa.

Hata hivyo, gavana hana ufunguo wa kila kufuli. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Taveta na Holili, kilichozinduliwa 2016, ni cha serikali mbili za kitaifa, na utaratibu rahisi wa forodha kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 ni wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania kwa hofu ya sumukuvu, uamuzi ulitoka Nairobi. Julai 2025 ilikuwa zamu ya Tanzania: ilitangaza biashara 15 ambazo mgeni haruhusiwi kufanya, ikiwemo kununua mazao shambani. Mchuuzi wa Taveta aliyezoea kuvuka na kukubaliana bei na mkulima chini ya migomba ya Rombo hawezi kupeleka lalamiko hilo Mwatate. Litapita kwa chama, kisha wizara ya biashara Nairobi, kisha Arusha kwenye makao makuu ya Jumuiya, na huko nako wanapokea barua ya chama kwanza.