Siku Superman Alichoka Kuwa Mpole: Kwa Nini 'A Better World' Bado Inauma

Kama ulikuwa mtoto wa kutoka shule mbio ju ya katuni, labda ulipatana na Justice League. Sasa, kuna risto moja hapo ndani haikuwa ya watoto kabisa. Inaitwa A Better World, iko na sehemu mbili, na ilitoka Marekani Novemba 2003. Niliirudia juzi nikidhani nitacheka tu. Wapi! Wacha nikupangie. Na usiniambie nimekuharibia utamu, umekuwa na zaidi ya miaka 20 ya kuitazama.

Mambo ilianza hivi

Kuna dunia mbili zinafanana kama pacha. Kwa hiyo ya pili, Lex Luthor ndiye rais wa Marekani. Flash ashakufa, na Luthor ndiye alimmaliza. Sasa huyu jamaa ako karibu kuanzisha vita ya nyuklia. Superman anamfikia ndani ya ofisi ya Ikulu. Badala ya kuomba msamaha, Luthor anamchokoza: ungenimaliza kitambo ukitaka, lakini unapenda sana kuonekana shujaa.

Macho ya Superman yanageuka nyekundu. Luthor kwisha.

Sema ukweli, hapo ulipiga makofi? Mimi nilipiga.

Miaka miwili mbele

Wale mashujaa sasa wanajiita Justice Lords, na dunia ni yao. Hakuna wizi, hakuna vita. Arkham, ile hospitali ya wahalifu vichaa, iko kimya kama maktaba. Joker mwenyewe ndiye anaisimamia, mpole, amevaa suti safi. Shida ni moja: cheki paji lake la uso. Ako na alama mbili ndogo. Superman alimchoma ubongo na yale macho, na si yeye peke yake.

Halafu Batman wa huko anagundua kuna dunia yetu, yenye Luthor bado anapumua. Wanaamua kuja kutusaidia, tutake tusitake. Wanawashika Justice League wenyewe na kuwafungia.

Batman dhidi ya Batman

Hapa ndio moyo wa hii kitu. Batman wawili wanapatana kwa pango na wanabishana. Wote wanachezwa na sauti moja, marehemu Kevin Conroy, na bado unasikia ni watu wawili.

Wa kwetu anasema mmenyang'anya watu uhuru. Yule mwingine anamjibu kwamba wametengeneza dunia ambayo hakuna mtoto wa miaka minane atapoteza wazazi ju ya jambazi mwenye bunduki. Batman wetu ananyamaza. Hana jibu. Utamjibu nini mtu anayetumia kidonda chako mwenyewe?

Baadaye wako kwa gari Gotham. Mji ni safi, barabara imetulia. Kando, makarao wanamkamata jamaa aliyelalamika tu kuhusu bili ya chakula. Batman wetu anaangalia, kisha anamwambia mwenzake kwamba wazazi wao wangejivunia sana. Hakuna ngumi, hakuna makelele. Huyo mwingine anafikiria, na anageuka kuwasaidia.

Nimefikiria hiyo sehemu wiki nzima. Ukuu wote wa Justice Lords umeangushwa na bili ya hoteli. Ju hivyo ndivyo inaendaga: mkono mgumu unaanza na Luthor, kila mtu anashangilia, halafu unafika kwa mtu aliyesema chakula ni ghali.

Na ile bei Superman wetu alilipa

Justice League wakirudi kwao wanakuta shida ingine. Justice Lords wako tayari kuua, wao hawako. Kwa hivyo Superman wetu anaenda kwa Luthor, akiwa jela, na kupiga dili: tupe silaha ya kuwamalizia nguvu, na wewe upate msamaha wa rais. Luthor anaunda bunduki, anawapiga nayo, nguvu zinaisha. Anatoka huru.

Ona hapo. Yule wa dunia ya giza aliua adui wake akapata amani ya kaburi. Wa kwetu alimwachilia adui wake, na huyo adui akarudi kuwasumbua kwa Justice League Unlimited, hadi akagombea urais. Waandishi hawakukudanganya kwamba njia safi ni rahisi.

Basi, tunabaki na nini?

Kaa kwa kinyozi dakika kumi, utasikia msee akisema tunahitaji tu mtu mmoja mkali anyooshe hii nchi. Namwelewa. Ukiibiwa simu mara mbili unaanza kuongea hivyo. Lakini sai mtu akisema hivyo mbele yangu, namuuliza swali moja: huyo mkali akimaliza wezi, wewe ukilalamika kuhusu bili, nani atakutetea?

Itafute uitazame na mtu mnayebishana naye. Ni kama dakika 45 hivi, sehemu zote mbili. Na wakifika kwa ile gari, nyamaza umuangalie usoni.